Hamira ya kiwandani katika bia nyeusi ya Kiingereza ni nini?

Mtu anayejipikia bia nyumbani Uingereza akikwambia anapika mild kwa hamira ya kiwandani, anataja vitu viwili. Mild ni bia nyeusi au ya hudhurungi iliyokolea, isiyo chungu, yenye kilevi cha asilimia 3 hadi 3.8 hivi. Ndiyo iliyokuwa kinywaji cha wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na hadi leo haijatoweka katika miji ya karibu na Birmingham. Hamira ya kiwandani nayo ni hamira hai iliyotoka katika kiwanda fulani cha bia, mpishi akaikuza mwenyewe badala ya kufungua pakiti ya unga mkavu ya gramu 11.

Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu kimea, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu) na maji vinapatikana kwa yeyote, lakini ladha nyingi ya bia za Kiingereza inatengenezwa na hamira. Kabla haijatiwa, ulichonacho ndani ya sufuria ni togwa ya shayiri tu, tamu na nyeusi. Hamira inakula sukari na kuacha kilevi na gesi, na pamoja na hivyo huacha harufu: tunda lililoiva, pengine siagi kwa mbali. Tena, hamira nyingi za Kiingereza hazimalizi sukari yote, kwa hiyo hata bia yenye kilevi kidogo hubaki na uzito mdomoni. Kwenye mild jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwenye bia kali yenye hopsi tele, maana hakuna cha kufunika kasoro. Kwa maoni yangu, mapishi mengi ya mild yanayosifiwa yamebebwa na hamira, wala si na vipimo vya kimea.

Hamira hizi ni *Saccharomyces cerevisiae*, jamii ileile ya hamira ya mkate, na zile za Kiingereza cha asili hupanda juu wakati wa kuchacha. Siku ya pili utaona povu la kahawia limefunika pipa, lina mabaka meusi na linanata: hayo ni mabaki ya hopsi na uchafu wa kimea. Povu hilo huenguliwa na kutupwa. Linalofuata ni jeupe, zito kama krimu, na harufu yake ni safi. Hilo ndilo linalokusanywa kwa kijiko kilichochemshwa, likawekwa kwenye chombo safi ndani ya friji kusubiri mpiko unaofuata. Usikaze kifuniko, hamira bado inatoa gesi.

Viwanda vya Uingereza vimeendesha kazi hivyo kwa vizazi, mpiko mmoja ukizaa hamira ya mwingine. Harvey's ya Lewes, kule Sussex, ilichukua hamira kutoka Tadcaster, mji wa bia wa Yorkshire, mwaka 1957 na imekuwa ikiitumia tena na tena tangu hapo. Ni tofauti na njia iliyoanzia Denmark mwaka 1883, pale Emil Christian Hansen wa kiwanda cha bia cha Carlsberg alipotenga hamira kutoka chembe moja tu. Wapishi wengi wa Uingereza hawakuikimbilia. Hamira zao zilikuwa mchanganyiko wa mbegu kadhaa zilizozoeana, na waliamini kwamba mchanganyiko huo ndio unaoifanya bia iendelee kuiva ndani ya pipa. Hawakuwa wakibahatisha tu: mwaka 1904 Claussen, naye wa Carlsberg, alieleza hamira aliyoiita Brettanomyces, akionyesha kwamba ndiyo iliyozipa bia za Kiingereza zilizokaa muda mrefu harufu yake ya pekee.

Kuipata si kazi ngumu kwa anayeishi kule. Viwanda vidogo hutupa hamira ya ziada, na mtu akienda na chombo safi na maneno mazuri huenda akajaziwa. Njia nyingine ni chupa. Tafuta bia iliyoachiwa hamira hai ndani, ambayo chini yake utaona utando wa mashapo. Mimina bia taratibu, bakiza kidole kimoja chini, kisha tia mashapo hayo kwenye maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa: gramu 10 za sharubati ya kimea iliyokaushwa ikawa unga kwa mililita 100 za maji. Yakichacha, hamishia kwenye lita nzima kwa uwiano uleule. Chagua chupa mpya na bia yenye kilevi kidogo, kwa kuwa kilevi kingi huichosha hamira. Na ulizia kwanza, maana viwanda vingine huchuja bia yao na kutia hamira tofauti wakati wa kujaza chupa. Utajikuta umekuza mgeni.

Upishi wenyewe hauna makuu. Kwa lita 20, kilo 3 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 250 za kimea cha kristali (kilichookwa hadi sukari yake ikaganda ndani ya punje) na gramu 150 za kimea kilichokaangwa hadi rangi ya chokoleti zinatosha. Loweka kwenye maji yatakayotulia nyuzi 67 kwa saa moja, chuja, halafu chemsha saa moja na gramu 30 za hopsi aina ya Fuggle. Poza hadi nyuzi 18 au 19, tia nusu kikombe cha hamira nzito. Hidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, ikianza 1.036 kabla ya kuchacha na kuishia karibu 1.011, umepata asilimia 3.3 hivi. Subiri namba isimame kabla ya kujaza chupa, la sivyo zinaweza kupasuka.

Hamira ya mkate itachachusha pia, ila haitui vizuri chini, na bia hubaki na ukungu na ladha ya unga.

Mild ina sifa moja ya ziada: kwa kuwa ni nyepesi, hamira hutoka humo ikiwa na nguvu, ndiyo maana wengine huipika kwanza ili wakuze hamira ya bia kali zaidi. Iliyo kwenye friji itumie ndani ya wiki moja au mbili. Kadiri unavyoirudia nyumbani, bakteria na hamira za mwituni hujipenyeza. Ikianza kunuka siki, au bia ikiwa nyembamba na kali kuliko ilivyokuwa, imwage na urudi kiwandani na chombo chako.