Upande A, Upande B: Kuunganisha Wimbo wa Dansi Uliokatwa Vipande Viwili

Weka santuri ya zamani ya dansi au benga kwenye pleya: upande A unaisha pale pale utamu unapoanza. Beti zimekwisha, gitaa la solo limeanza kukimbizana na besi, mara sauti inafifia na sindano inateleza hadi karibu na lebo. Chemko lenyewe, ile sehemu ya kuchezea, liko upande wa pili.

Santuri ya inchi 7, ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba muziki wenye nguvu kwa dakika tatu hadi tano hivi. Ukizidisha, mifereji inayopitiwa na sindano inabidi ibanwe, na ikibanwa sauti hushuka na besi hukonda. Ukumbini bendi ilipiga mpaka wachezaji watosheke. Studio ikaamua kukata: sehemu ya 1, sehemu ya 2.

Nayakumbuka maduka ya santuri kwa heshima, maana mengi hayakuwa ya kuuza tu. Melodica ya Nairobi na Chandarana ya Kericho yalikuwa pia na lebo zao za kutoa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa ajili ya matangazo, na zilizotaka sahani zilivuka kwenda Nairobi, hadi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Benga nayo ilisafiri kwa sahani hizo hadi Zimbabwe, na huko mtindo ukaitwa kanindo, jina la mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo. Maduka yamepungua, sahani zimebaki majumbani, na nyingi zinahamishiwa kwenye kompyuta ovyo: upande A peke yake, kana kwamba wimbo uliishia hapo.

Kabla ya kuicheza santuri, iinamishe chini ya taa. Mfereji mzima humeta; uliolika huwa wa kijivu. Usishangae upande B ukiwa na kijivu zaidi, watu waliupenda. Kijivu huanzia karibu na lebo, kwa sababu huko mfereji hupita chini ya sindano polepole zaidi, mawimbi ya sauti hubanana, na sindano nzito huyakwangua. Kwa bahati mbaya ndiko kilele cha wimbo kilipo.

Osha kwa maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke wake, pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mzunguko. Suuza, kausha ikiwa imesimama. Spiriti kidogo inavumilika kwenye vinili, ile plastiki ya santuri, lakini kamwe usiipake sahani ya mizunguko 78: nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha.

Sahani nyingi za aina hii zina tundu kubwa la katikati. Kiziba cha tundu hilo kikilegea, sahani hukaa kombo na gitaa huyumba, likipanda na kushuka mara moja kila sekunde 1.33, yaani kila mzunguko. Ukisikia myumbo wa kasi hiyo, usiilaumu mota. Sogeza sahani kidogo, sikiliza, sogeza tena.

Rekodi pande zote mbili kwa kikao kimoja, pleya ikiwa imeshazunguka dakika kadhaa, ili kasi isitofautiane. Kwenye programu ya kurekodi, chagua ubora wa biti 24. Nasa njia ya kushoto na ya kulia hata kama muziki ni wa mono, yaani sauti ileile pande zote, kisha sikiliza kila moja peke yake. Kila njia husomwa kwenye ukuta wake wa mfereji. Mara nyingi ukuta mmoja wa mfereji umeumia kuliko mwingine. Ukuta mmoja ukiwa safi, chukua huo na uache wa pili. Zikilingana, zichanganye, na sehemu ya mchakacho itajifuta yenyewe.

Kuunganisha ndiko kunakotaka sikio. Tafuta pigo lilelile la gitaa mwishoni mwa A na mwanzoni mwa B. Likiwepo, bendi ilipiga mfululizo na fundi alififisha tepu: pandisha sauti iliyofifia, linganisha mawimbi ya pande zote mbili kwenye pigo la ngoma, kisha unganisha hapo, sauti moja ikipishana na nyingine kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwanzo wa B ukiwa na sauti kamili, ingia huko mapema uwezavyo. Lisipokuwepo, huenda bendi ilianza upya. Ngoma itakuwa na kasi tofauti kidogo. Hapo mimi huacha kimya cha sekunde moja. Kunyoosha kasi ili viungane ni kutunga onyesho ambalo halikupigwa.

Programu za kuondoa kelele zitumie kwa kiasi kidogo mno. Huanza kwa kula mchakacho, kisha hula kayamba na hewa ya tarumbeta, na dansi bila kayamba hainyanyui mguu.

Hifadhi mafaili mabichi ya A na B kando na lililounganishwa, piga picha lebo zote mbili, na uandike namba iliyochongwa karibu na lebo. Sahani yenyewe isimame wima, mbali na jua. Ikilala chini ya nyingine kwenye joto, hupinda.