Kuhara kwa msafiri: ni nini, na lini si kuhara kwa kawaida

Mgeni akishuka boti ya Bukavu bandarini Goma, mashariki mwa Kongo, tumbo likianza kumsokota siku ya pili, jibu la haraka ni "maji ya huku hayajamzoea". Kitabibu, kuhara kwa msafiri ni kwenda haja nyepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, ukiwa safarini au punde baada ya kurudi. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa kwenye chakula au maji, na huisha yenyewe ndani ya siku 3 hadi 5.

Shida ni kwamba jina hilo hufunika mengi. Ukianza kutapika saa chache tu baada ya mlo, huenda chakula kilikuwa na sumu ya bakteria tayari. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja. Ukiona damu au kamasi, hasa pamoja na homa, usinunue dawa ya kufunga tumbo famasi. Nenda ukapimwe. Homa nayo isidharauliwe: malaria inaweza kuleta kutapika na kuhara, na taifodi huanza taratibu.

Kipindupindu ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa sababu hudanganya. Mara nyingi hakina homa wala maumivu makali. Choo hutoka kama maji yaliyooshea mchele, tena kwa wingi, macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Goma inakijua: Julai 1994 kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika kambi za karibu na mji. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa hiyo tafadhali usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya huku akinywa njiani.

Anywe nini? Serumu ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari (ORS) unaochanganywa na maji safi. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Na ukichota maji ziwani Kivu, mpe bidoni yako yule anayetia klorini kwa bomba la sindano, halafu subiri nusu saa kabla ya kunywa.