Unatafuta mtoto? Yanayosemwa mtandaoni na yaliyo kweli

Andika "kutoshika mimba" kwenye simu, uwe Nkuhungu, Chamwino au Manyoni, na kabla hujamaliza kusoma umeshaambiwa mirija ya uzazi imeziba, homoni zimevurugika na dozi ipo, inatumwa kwa basi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyekupima. Na anayeuza hajauliza hata mara moja kama una mume, na kama naye ameshapima.

Dhana: Ukiwa na dalili hizi, mirija yako imeziba.

Orodha yenyewe tunaijua: maumivu chini ya kitovu, uchafu ukeni, hedhi kubadilika, uchovu, kukosa hamu. Ni mwanamke gani atakosa hata moja kati ya hizo?

Ukweli ni kwamba mirija iliyoziba mara nyingi haina dalili yoyote. Huzibwa na makovu, na makovu hutokana zaidi na maambukizi: klamidia, kisonono, kifua kikuu cha kizazi, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Ultrasound ya kawaida haitoshi kuthibitisha. Kipimo chake ni picha ya eksirei: dawa maalumu hupitishwa kwenye shingo ya kizazi, na picha inaonyesha kama imefika kwenye mirija na kumwagikia tumboni, au imeishia njiani. Hakuna unga wala majani yaliyothibitishwa kuondoa makovu hayo. Vile vifurushi vya kuweka ukeni ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwa sababu vinaweza kuunguza na kuleta maambukizi mapya.

Dhana: Mume ana nguvu, kwa hiyo tatizo ni la mke.

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumia. Mke anazungushwa miaka kwa waganga, mawifi wameanza kusema, na mume hajaenda maabara. Katika takriban nusu ya ndoa zenye shida ya kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Nguvu za tendo ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Mwanaume anaweza kuwa hana tatizo lolote kitandani na asiwe na mbegu hata moja.

Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote. Anakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha anatoa sampuli yote kwenye kikombe safi cha maabara, bila kondomu wala mafuta, na inapimwa ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa. Mbegu huchukua miezi miwili na zaidi kutengenezwa, kwa hiyo anayeahidi kuziongeza kwa siku 7 anakudanganya. Na zile sindano za testosterone zinazosifiwa kwamba zinarudisha uanaume hupunguza mbegu, wakati mwingine zikaisha kabisa.

Dhana: Uzazi wa mpango unaua kizazi.

Hapana. Ukiacha vidonge, ukitoa kijiti au kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema. Sindano ya miezi 3 ndiyo huchelewesha, pengine karibu mwaka tangu uchome ya mwisho, lakini haiui kizazi.

Dhana: Siku ya hatari ni ya 14 kwa kila mwanamke.

Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21. Mbegu huweza kuishi hadi siku 5, yai halifiki zaidi ya siku moja, kwa hiyo tendo la siku chache kabla ndilo lenye nafasi kubwa.

Dhana: Watu wameshuhudia, basi dawa inafanya kazi.

Wanandoa zaidi ya 80 katika 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga hupata mimba ndani ya mwaka. Aliyekunywa unga mwezi wa tano akashika mimba wa sita ataushukuru unga, na atashuhudia kwa moyo mweupe kabisa. Waliokunywa wakakosa hawaandiki.

Kwa hiyo anayeandika mambo ya uzazi mtandaoni mwulize jina lake kamili na usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Dawa, iangalie kama imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Habari ya kuaminika inataja kipimo kabla ya dawa, inamtaja mume, na haikuhakikishii mtoto.

Miezi 12 ikipita bila mimba, au 6 kama mke amevuka miaka 35, nendeni kliniki ya wanawake, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Dodoma mjini au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hedhi ikiwa haieleweki, msisubiri. Nendeni wawili, mkiwa na tarehe za hedhi za miezi iliyopita na majibu ya vipimo vya nyuma. Na kama mmeshatumia dozi yoyote, bebeni kopo lake daktari alione.