Mitoki, kupe na kipimo cha damu: maswali ya wafugaji wa mbwa Kisumu

Mbwa wangu amevimba mitoki chini ya taya na nyuma ya magoti. Damu itaonyesha kama ni saratani?

Damu peke yake, hapana. Huku kando ya ziwa, kabla hujaitaja saratani, muulize kupe kwanza. Erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, huvimbisha tezi na kumkondesha mbwa kama limfoma, yaani saratani ya tezi. Hata protini iitwayo CRP hupanda katika yote mawili, na hupanda pia kwa kidonda kilichooza. Anayekupa jibu la saratani kwa CRP tupu anabahatisha.

Kinachothibitisha ni sindano nyembamba: daktari wa mifugo huvuta chembe kwenye tezi, huzipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa darubini. Mwombe achome ile ya nyuma ya goti. Ya chini ya taya huvimba hata kwa meno mabovu.

Kwa hiyo damu haina kazi?

Inayo, na mimi ningeanza na kalsiamu. Baadhi ya limfoma, pamoja na saratani ya vifuko vya kando ya mkundu, hutoa protini inayochomoa kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga katika damu. Figo hushindwa kuzuia maji. Ndipo unamwona mbwa anamaliza bakuli, anakojoa hadi sebuleni. Lakini kalsiamu ikiwa sawa usishangilie, kwa kuwa mbwa wengi wenye limfoma hawapandi kalsiamu.

Na wakati wa matibabu?

Hapo ndipo namba huwa na maana zaidi, maana mbwa analinganishwa na yeye mwenyewe. Kalsiamu iliyokuwa juu hushuka dawa ikishika. Ikianza kupanda tena, rudi kwa daktari.

Kuna pia kipimo cha nyukleosomu, vifurushi vya DNA vinavyomwagika chembe zinapokufa. Mbwa asile kwa saa nne au zaidi kabla ya kutolewa damu, kwani chakula hupandisha namba.

Wangu huzurura Manyatta, na sasa anavuja damu uchini. Nimpime damu?

Usianzie huko. Huenda ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana: chembe zenyewe za saratani huhama mbwa hadi mbwa. Hutambuliwa kwa darubini, na wengi hupona kwa vinkristini, sindano ya kila wiki kwa wiki kadhaa. Vaa glavu unaposafisha mkojo wake siku za dawa, na watoto wakae kando.