Meli ya Wahamiaji Ikiharibikia Ugenini: Kazi ya Balozi Mdogo Katika Karne ya 19

Novemba 1878 meli ya chuma iitwayo Piako, iliyotoka Plymouth na wahamiaji karibu 300 waliokuwa wakienda New Zealand, ilishika moto ngamani, yaani sehemu ya chini inamowekwa mizigo, ikiwa katika Atlantiki. Merikebu ya Loch Doon ikatokea, ikawapakia abiria, na vyombo vyote viwili vikaelekea Pernambuco, bandari ya Brazil ambayo siku hizi huitwa Recife. Masimulizi mengi ya mkasa huu hukazia uokoaji wa baharini. Kwa maoni yetu, sehemu ngumu zaidi ilianzia bandarini, kwa kuwa mjini kulikuwa na ndui.

Abiria wa aina hii walilindwa na Sheria ya Abiria ya Uingereza ya 1855. Abiria akijikuta katika bandari ya kigeni ambayo siyo aliyolipia nauli, bila kosa lake mwenyewe, nahodha alikuwa na saa 48 tangu abiria wafike kumkabidhi balozi mdogo wa Uingereza (konseli, mwakilishi wa serikali yake bandarini hapo) ahadi ya maandishi kwamba atawafikisha waendako ndani ya wiki 6. Akikosa kuitoa, au akiitoa kisha asiitimize, balozi mdogo aliruhusiwa kuwatafutia chombo kingine. Gharama hizo ziligeuka deni la Serikali ya Uingereza dhidi ya mwenye meli, aliyeikodi na nahodha. Ndiyo maana balozi mdogo makini alianza kwa kuandika saa ya kufika. Asipoiandika, muda wa ahadi ulikuwa mgumu kuthibitisha, na mwenye meli alipata upenyo wa kukataa deni.

Kuwahudumia watu hakukungoja mambo ya meli. Jambo la kwanza lilikuwa ruhusa ya afya kutoka kwa mamlaka za bandari, na hapo balozi mdogo hakuwa na amri yoyote. Aliweza kuomba tu. Huko Pernambuco, kuwashusha watu mjini kungewatia kwenye ndui, kisha ugonjwa ungepanda nao melini kwa safari ya miezi. Waliwekwa kando ya mji, kwenye kisiwa ambacho Waingereza walikiita Cocoanut Island. Uamuzi huo tunauona kuwa sahihi kabisa, ingawa ulizidisha kazi, maana chakula na mahitaji mengine yalipaswa kuwafuata huko kwa mashua.

Hesabu ya mahitaji ilifuata idadi ya watu wazima wa kisheria. Mwenye miaka 12 na zaidi alihesabiwa mmoja; watoto wawili wa kati ya mwaka 1 na 12 walihesabiwa kama mtu mmoja; kichanga hakuhesabiwa. Melini kila mmoja alistahili kwoti 3 za maji kwa siku, yaani lita 3.4 hivi, na juu yake galoni 10 za kupikia kwa kila watu 100. Kundi la watu wazima 200 wa kisheria lilihitaji galoni 170 kila siku, karibu lita 770, kabla hata ya kufua nguo. Aliyepiga hesabu kwa vichwa alinunua kupita kiasi, na aliyesahau maji ya jikoni alipungukiwa siku ileile ya kwanza.

Habari za chombo zilikwenda kwa njia yake. Nahodha aliapa mbele ya balozi mdogo tamko la bahari, akieleza tarehe, hali ya hewa, namna ajali ilivyotokea na hatua alizochukua. Tamko lililocheleweshwa lilitiliwa shaka na watu wa bima. Kisha waliteuliwa wakaguzi wawili au watatu wasio na maslahi, mara nyingi manahodha wa meli nyingine zilizotia nanga pamoja na seremala wa meli. Ukaguzi wa kwanza ulifanywa shehena ikiwa bado ndani, wa pili baada ya kuipakua, wa mwisho baada ya matengenezo. Kuruka ule wa pili kulikuwa hatari, maana nyufa zilizokaa chini ya mizigo hazikuonekana mpaka ipakuliwe.

Moto wa ngamani una ugumu wake. Ukifunga milango ya ngama moto hufifia, lakini hauzimiki. Ukiifungua ili ufikie kiini chake, hewa inaingia na miali inapanda. Piako ilitobolewa ikazamishwa makusudi mahali penye maji ya kina kifupi. Baada ya moto kuzimika matundu yalizibwa, maji yakapigwa kwa pampu hadi ikaelea tena, ikatengenezwa. Mizigo ya ngamani ilikumbwa na maji hayo.

Fedha zilitoka wapi? Nahodha aliandika hawala juu ya mwenye meli, yaani hati ya kumtaka alipe. Kama wafanyabiashara wa hapo hawakuiamini, alikopa kwa kuweka meli rehani. Riba ya rehani hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu mkopeshaji alipoteza haki ya kulipwa meli ikipotea kabla ya kufika. Pernambuco ilikuwa na nafuu moja: tangu 1874 waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliiunganisha na Ulaya, hivyo maagizo ya London yaliweza kupatikana bila kungoja meli ya barua.

Piako ilifika Lyttelton Machi 1879, na abiria wake wakafika walikokusudia. Meli ya namna hii iliposhaendelea na safari, hesabu za hasara zilikuwa bado zinaandikwa. Kwa kanuni za York na Antwerp za 1877, yaani kanuni za kugawana hasara za baharini, hasara iliyoletwa na maji ya kuzimia moto iligawanywa kati ya meli, shehena na nauli ya mizigo kulingana na thamani iliyookolewa. Kifurushi kilichokwisha kushika moto hakikulipwa hata kidogo kwa madhara ya maji. Kwa hiyo mkadiriaji alilazimika kufungua robota moja baada ya jingine, akitenganisha lililoungua na lililolowa tu.