Hasira ya asubuhi, hukumu ya mchana

Chukua mtu ambaye kazi yake ni kusaili waombaji kazi. Asubuhi amegombana kwenye simu na mwenye nyumba wake hadi mkono ukamtetemeka. Nusu saa baadaye yuko mezani, uso umetulia, na anayeingia mlangoni ni kijana ambaye jina na lafudhi yake vinamtambulisha kuwa ni wa jamii nyingine. Kijana huyo hana lolote na ugomvi ule. Msaili analijua hilo. Lakini je, ile sehemu ya akili inayotangulia kuamua kabla yeye hajafikiri, nayo inalijua?

Mwaka 2004 wanasaikolojia David DeSteno, Nilanjana Dasgupta na wenzao walichapisha utafiti uliogusa swali hili moja kwa moja. Hawakuanza na kabila wala dini, kwa sababu huko chuki huwa imeshatangulia. Waliunda makundi mapya kabisa: washiriki walifanya zoezi la kukadiria idadi, kisha kila mmoja akaambiwa yuko miongoni mwa wanaozidisha makadirio au wanaoyapunguza. Kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Baadaye wengine waliandika kwa kirefu juu ya tukio lililowakasirisha maishani, wengine lililowahuzunisha, wengine jambo la kawaida. Mwisho wakakaa mbele ya kompyuta, wakibonyeza vitufe mbio kupanga nyuso za makundi yote mawili pamoja na maneno mazuri na mabaya. Hapo kinachopimwa ni kasi. Kidole kikiwa chepesi zaidi pale "wale" wanapowekwa upande mmoja na ubaya, upendeleo umeshajitokeza kabla mwenyewe hajaamua lolote.

Waliohuzunika hawakuonyesha upendeleo huo. Waliokuwa katika hali ya kawaida pia hawakuuonyesha. Waliokasirika waliuonyesha, tena dhidi ya watu ambao dakika chache nyuma hawakuwa hata kundi.

Mimi jambo hili hunitia wasiwasi kuliko mengi niliyosoma katika fani hii. Tumezoea kuamini kwamba chuki lazima ifundishwe, iwe na historia, iwe na kisa. Hapa haikuwa na kisa chochote.

Kwa nini hasira na si huzuni, wakati zote mbili ni hisia chungu? Huzuni huiambia akili kwamba kuna kilichopotea. Hasira huiambia kwamba kuna mgongano, kuna anayekuzuia, jiandae. Akili iliyokwisha kujiandaa kwa mgongano humtazama asiye wa kwetu kama mpinzani, bila kuuliza hasira ile ilitoka wapi. Wahenga waliposema hasira hasara, sisi huwaza maneno makali na ngumi. Hasara hii nyingine haina kelele, na mwenyewe hata haioni.

Mwaka 2009 Dasgupta, DeSteno na wenzao walionyesha pia kwamba hisia huchagua mlengwa. Hasira iliongeza upendeleo dhidi ya Waarabu, ambao dhana zilizoenea huwahusisha na vitisho, lakini haikuuongeza dhidi ya mashoga. Kinyaa kilifanya kinyume chake: kiliuongeza dhidi ya mashoga, si dhidi ya Waarabu.

Niweke tahadhari moja. Vipimo hivi vya kasi hueleza mwelekeo wa watu wengi kwa pamoja. Si haki kuvitumia kumpachika mtu mmoja jina la mbaguzi, na upendeleo wa sekunde moja haulazimiki kuwa kitendo. Kati ya hivyo viwili pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ya kulindwa.

Hulindwa kwa mambo madogo. Msaili wetu angeweza kuandika vigezo na alama zake kabla mwombaji yeyote hajaingia. Angeweza kumpa mwenzake faili zilezile azisome peke yake. Na kama bado anausikia moyo ukimdunda kwa ajili ya mwenye nyumba, alitaje jambo hilo nafsini mwake kwa jina, kisha amwombe kijana asubiri robo saa nje.