Nionyeshe katikati ya vidole

Mgonjwa wa matende akiingia chumbani kwangu, tukishasalimiana namwomba avue kiatu na aweke mguu juu ya stuli. Kisha natanua vidole vyake kimoja kimoja, nachungulia katikati. Wengine hushtuka. Wamezoea kuulizwa mguu ulianza kuvimba lini, na wengi wamezoea watu wasitake hata kuutazama, seuze kuushika.

Tabia hii sikuitoa chuoni. Nilipoanza kazi ya utabibu, katika zahanati moja ya mwambao kaskazini ya mji wa Tanga, alikuwapo mama muuza samaki aliyekuja na homa kali mara tatu ndani ya masika moja. Kila mara anatetemeka, kichwa kinamgonga, anatapika, na kila mara nilimwandikia dawa ya malaria, maana miaka ile homa yoyote tuliiita malaria. Mguu wake wa kulia ulikuwa na matende. Niliuona, lakini nikauchukulia kuwa ni jambo la zamani lisilohusiana na homa ya leo. Mara ya nne nesi mkongwe aliyekuwa zamu alimwomba ruhusa, akaipandisha kanga kidogo. Mguu ulikuwa mwekundu na moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na kinenani umesimama mtoki wa ukubwa wa kokwa la embe. Akavitanua vidole. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imepasuka. "Homa yake inaingilia hapa," akaniambia. Yule mama alikuwa ameugua wiki nzima nzima bila biashara, na mimi nilikuwa namrudisha nyumbani na mlango wa ugonjwa uko wazi.

Nimeandika makala hii kwa sababu mlango ule bado hautazamwi vya kutosha, na wenye matende pamoja na ndugu zao wana haki ya kuuelewa.

Mnyoo wa matende, kitaalamu Wuchereria bancrofti, ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Jike hufika sentimita 8 hadi 10, dume kama nusu yake. Makao yao ni mishipa ya limfu, ile mifereji myembamba inayokusanya maji yanayobaki katikati ya nyama za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Humo huishi miaka, kwa kawaida mitano hadi saba, wakizaa watoto wasioonekana kwa macho. Watoto hao mchana hujikusanya kwenye mishipa ya mapafu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, hutoka na kuzagaa kwenye damu, wakati uleule mbu wetu wanapouma. Ndiyo maana zamani wapimaji walikuwa wakipita vijijini usiku wa manane kuwatoboa watu vidole. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotambua mnyoo mkubwa hata saa sita mchana.

Aliyegundua kwamba vimelea hivi hukua ndani ya mbu ni daktari Mskoti, Patrick Manson, mwaka 1877 akiwa Amoy nchini China. Aliwaacha mbu wamnyonye damu mtunza bustani wake aliyekuwa na vimelea, kisha akawapasua mbu hao na kuwaona vimelea wakikua ndani yao. Ilikuwa miaka 20 kabla Ronald Ross hajaonyesha habari ya mbu na malaria.

Kwetu mbu hao ni wa namna mbili. Mashambani ni anofelesi, yuleyule wa malaria. Mjini ni kuleksi, anayezaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyotuama, na mkazi yeyote wa Ngamiani au Makorora, mjini Tanga, anaujua mlio wake sikioni. Makunduchi, kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo. Zikaelea juu ya maji kama blanketi, viluwiluwi wakakosa hewa. Pamoja na dawa walizopewa wanakijiji, mbu na vimelea vikapungua mno. Tena usihofu kuumwa na mbu mmoja. Ugonjwa huu unataka kuumwa mara nyingi, miezi na miaka, ndiyo maana mgeni wa wiki mbili haupati na mwenyeji anaweza kuubeba tangu utotoni bila dalili yoyote.

Sasa tufike penyewe. Mnyoo akikaa kwenye mfereji wa limfu, mfereji hutanuka na kulegea. Maji yaliyotakiwa kupanda yanabaki mguuni. Hapo mguu huvimba kidogo, asubuhi unapungua, jioni unarudi. Mtu anaweza kukaa miaka katika hali hiyo. Kinachougeuza mguu ule kuwa mzito, mgumu, wenye mikunjo na vinundu si mnyoo tena. Ni bakteria wa kawaida, wale waliopo juu ya ngozi ya kila mmoja wetu, wanaopenya kwenye ufa mdogo, mara nyingi ufa wa fangasi katikati ya vidole. Kwa mwenye mifereji mizima wanafukuzwa kabla hajajua. Kwa mwenye matende wanakuta maji yaliyotuama, wanazaliana, na mguu unachachamaa: homa, baridi, maumivu, mtoki. Siku kadhaa baadaye vurugu inatulia, lakini kila ikipita inaacha ngozi nene zaidi na mifereji mibovu zaidi. Mara nyingi mnyoo wenyewe amekwisha kufa zamani na mguu bado unaendelea kukua.

Ukilielewa hilo, matibabu yake hayatakushangaza. Ni maji, sabuni na kitambaa.

Bibi mmoja wa upande wa Tongoni nilimwosha mimi mwenyewe mara ya kwanza, mbele ya mjukuu wake ili ajifunze. Maji ya kisimani yasiyo moto, sabuni ya kipande ya kawaida, beseni. Tulianzia juu, penye ngozi nzima, tukashuka. Kwenye mikunjo ya kifundo nilipitisha kidole taratibu, bila brashi wala dodoki, maana mchubuko mdogo tu ni mlango mpya. Maji yakatoka meusi. Tukamwaga, tukarudia mpaka yakabaki meupe. Kisha ikaja sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka, kukausha. Bibi alikuwa na kanga kuukuu. Tukachana vipande vyembamba kama utambi wa taa, nikapitisha kimoja katikati ya kila vidole viwili, kukandamiza bila kusugua, mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Pale palipokuwa peupe na kunuka tukapaka mafuta ya Whitfield ya kuua fangasi. Ilituchukua karibu nusu saa. Alikuwa kimya muda wote, mwishowe akasema, "Mwanangu, mguu huu tangu babu yenu afariki hajaushika mtu." Mjukuu akainamisha kichwa. Tangu siku ile aliuosha yeye kila jioni.

Wagonjwa wangu wengi ni Waislamu, na udhu wa mara tano kwa siku una pande mbili kwao. Ukipitisha kidole baina ya vidole vya miguu kama sunna inavyotaka, umekwisha kufanya nusu ya kazi ninayoihubiri. Lakini ukitoka hapo ukavaa yeboyebo miguu ikiwa majimaji, fangasi wamepata shamba. Nilimwuliza imamu wa mtaani kwetu, akanijibu kwamba kujifuta maji hakubatilishi udhu. Basi huwa nawaambia wawe na kitambaa mfukoni mwa kanzu au pindoni mwa mtandio, na wakitoka kwenye bomba la msikiti wakitumie kabla ya kuingia ndani.

Mguu ukichachamaa, acha kazi siku hiyo. Lala, uinue mguu, weka kitambaa kilicholowa maji ya baridi, kunywa maji mengi, meza panadoli, na uje kituo cha afya upate antibiotiki. Dawa ya minyoo haimezwi wakati wa shambulio, ngoja litulie. Na nakuomba, usikubali mguu kuchanjwa kwa wembe ili "damu chafu" itoke. Nimewapokea waliochanjwa, wakaja na usaha na homa ya kutisha. Wala usiukande kwa maji ya moto, unazidi kuuwasha.

Usiku, wengi huweka mto chini ya kisigino na asubuhi wanaukuta umeanguka chini. Afadhali matofali mawili chini ya matendegu ya upande wa miguuni, kitanda chote kiinamie kichwani. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayeishiwa pumzi akilala chali, asifanye hivyo kabla hajazungumza na tabibu wake. Mchana, ukiwa umekaa, zungusha kifundo na kupandisha kisigino juu na chini, mara nyingi uwezavyo. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu iliyobaki ya kusukuma maji yale. Viatu visibane. Fundi viatu mzuri atakuongezea mkanda kwenye makubazi yako kwa pesa kidogo.

Hapa huwa naulizwa: kama ndivyo, vidonge tunavyogawiwa vya nini? Kingatiba ya matende ilianza Mafia mwaka 2000, mkoa wetu wa Tanga ukafuata mwaka 2004: ivermektini na albendazoli, kwa pamoja, mara moja kwa mwaka. Dawa hizo huwaua wale watoto walio kwenye damu, ila wazazi wao wengi hunusurika, ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi. Zinakata njia ya kumfikia mbu na kwa hiyo kumfikia mtoto wa jirani. Haziwezi kuurudisha mguu uliokwisha kuvimba, na nasikitika kwamba mara nyingi wagawaji hawakulisema hilo wazi. Watu wakameza wakitarajia mguu usinyae, haukusinyaa, mwaka uliofuata wakafunga milango. Ukipata homa kidogo, kuwashwa au kuumwa kichwa baada ya kumeza, mara nyingi ni vimelea wanaokufa mwilini mwako, yaani ulikuwa nao. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa mahututi hawapewi. Wapo wanaouliza pia kwa nini hatutumii ile dawa nyingine inayotumika Asia, diethilkabamazini. Sababu iko milimani Usambara: kule kuna usubi, ugonjwa wa mnyoo mwingine unaoshambulia ngozi na macho, na dawa hiyo kwa mwenye usubi inaweza kumdhuru macho.

Nimeacha mabusha nyuma kwa kuwa wenyewe huyaacha nyuma. Mwanamume huja kwa kikohozi, tunamaliza kikohozi, anashika kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Daktari, kuna jambo jingine." Kina baba wamekaa miaka 10 au 15 wakificha chini ya msuli, wameacha kwenda harusini, wengine wameacha kulala chumba kimoja na wake zao. Busha ni maji yaliyojikusanya kwenye mfuko unaozunguka korodani, na mnyoo uleule ndiye chanzo chake kikubwa huku pwani. Wapo wanaosema busha huletwa na kunywa madafu, lakini madafu hayana hatia yoyote. Watu wa pwani tuna minazi na tuna mbu, na lawama ikaangukia kinachoonekana.

Namzimia taa, namwekea tochi nyuma ya uvimbe. Busha lenye maji mepesi hung'aa jekundu kama chemli iliyofunikwa na kanga. Ngiri ya utumbo haing'ai. Lililokaa miaka mingi linaweza kuwa na ukuta mnene usiopitisha mwanga, na si kila uvimbe wa pale ni busha, kwa hiyo usijipime nyumbani ukaridhika. Kulitoa maji kwa sindano hakusaidii: yanarudi, na sindano inaweza kuingiza usaha. Tiba ni upasuaji ambao kwa kawaida hauzidi saa moja, kwa ganzi, ule mfuko ukatolewa au ukageuzwa. Korodani inabaki mahali pake. Nguvu za kiume hazipotei kwa upasuaji huu. Wagonjwa kadhaa walirudi kuniambia kinyume chake, kwa aibu na furaha. Kazi za kubeba na kuvuta nyavu zisubiri wiki kadhaa.

Bibi wa Tongoni bado anakuja kila baada ya miezi mitatu. Tunaupima mguu kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale juu ya kifundo, na tunaandika kwenye daftari lake. Umepungua sentimita 3 tangu tuanze, na mwaka wote uliopita hakupata homa hata mara moja. Safari iliyopita alivua kiatu kabla sijamwomba, akakaa, akavitanua vidole mwenyewe. "Tazama," akasema. Nikatazama. Palikuwa pakavu.